Kutalii ni Kusoma: Baiskeli Katika Bonde la Mto Nzoia

Wahenga walinena: tembea uone. Methali hii tumeizoea mno hata hatujiulizi tena ni kutembea kwa namna gani kunakomwonyesha mtu jambo. Anayesafiri kutoka Nairobi hadi Busia kwa basi la usiku ametembea, ila alichokiona ni kisogo cha abiria wa mbele yake. Anayepita njia hiyo mchana kwa matatu ameona zaidi kidogo, yaani vibao vya maduka vikikimbia nyuma na mahindi yasiyojulikana yako katika lugha gani. Makala haya yanatoa maoni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua jinsi lugha hii inavyoishi nchini mwake hana budi kushuka garini na kupanda baiskeli. Aidha, yanapendekeza mahali pa kuanzia: bonde la chini la Mto Nzoia, kutoka Mumias hadi Port Victoria.

Nianze na neno lenyewe. Leo tukisikia mtalii, picha inayotujia ni ya mgeni mwenye kofia pana na kamera kifuani, aliyetokeza kichwa juu ya paa la gari akimtazama simba. Maana hiyo ni changa. Kitenzi talii tulikipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni kusoma kwa makini, kudurusu, kuchunguza. Shina hilohilo ndilo lililotuzalia mtalaa, yaani mpango wa masomo. (Wenzetu wa Tanzania huandika mtaala. Ugomvi huo nauacha kwa siku nyingine, ingawa naona shina la neno linatuunga mkono sisi.) Mtalii na mtalaa, kwa hivyo, ni ndugu wa tumbo moja, na ajabu ni kwamba sisi tunaoshinda vyuoni na mtalaa mkononi ndio tunaodhani kutalii ni kazi ya wageni.

Mwezi wa Februari mwaka jana, mimi na wenzangu wawili, mmoja wao akiwa binti, tuliazima baiskeli tatu kwa shemeji yangu huko Mumias, tukateremka nazo hadi ziwani kwa siku mbili. Hazikuwa baiskeli za mashindano. Zilikuwa zile nyeusi nzito ambazo Wakenya wengi huziita Black Mamba, zenye keria ya chuma inayoweza kubeba gunia la mahindi au mgonjwa. Hazina gia. Baiskeli ya namna hiyo humlazimisha mwendeshaji kuwa mkweli: mlima ukija, hushuka akasukuma, mtu akimsalimia, humjibu, kwa maana mwendo wake ni mdogo mno asiweze kujifanya hakusikia.

Mumias si mahali pa kuanzia kwa sababu ya shemeji tu. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, aliyefariki mwaka 1949, na ndipo Kiswahili kilipopiga kambi bara kabla ya reli wala shule. Joseph Thomson alipowasili mwaka 1883, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa tayari inaijua njia. Askofu Hannington alipitia hapa mwaka 1885 akielekea Busoga, alikouawa. Watu wa misafara hiyo walileta vitambaa na bunduki, wakaleta pia dini yao na lugha yao, na vyote viwili vilipata makao. Ninalisisitiza hili kwa sababu tumekuwa na mazoea, katika idara nyingi, ya kufanya kila safari ya nyanjani kuwa safari ya Mombasa au Lamu. Sina neno na Lamu. Lakini mwanafunzi anayeamini kuwa Kiswahili ni cha pwani peke yake, na kwamba huku bara tulikipata kwa vitabu vya serikali, amekosa sura nzima ya historia ya lugha anayoisomea shahada.

Tuliondoka asubuhi, mashamba ya miwa yakiwa pande zote mbili. Kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa hapa mwaka 1973 kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na mtu anayenyonga baiskeli huisoma habari hiyo katika vitu ambavyo abiria wa basi hawezi kuvitambua. Huona shamba ambamo miwa imezeeka bila kukatwa, na jirani yake shamba ambamo mwenyewe ameing'oa akapanda mahindi. Huona pia trela lililoachwa kando ya njia hadi majani yakaota ndani yake. Sikuandika hayo daftarini kama isimu. Niliyaandika kwa kuwa wazee wawili tuliowakuta chini ya mti walikuwa wakiyazungumza, kwa Kiswahili, kwa sababu mmoja wao alikuwa ametoka upande wa Ugunja.

Na hapo ndipo baiskeli ilipoanza kunifundisha. Katika ramani ya lugha tuliyochorewa darasani, mpaka kati ya Kiluhya na Dholuo ni mstari. Katika bonde hili hakuna mstari. Kuna salamu. Kwa saa kadhaa tulisalimiwa mulembe. Kisha tukafika kituo kimoja ambapo mama muuza ndizi alisema mulembe na kijana aliyekuwa akimpimia alisema oyawore, kila mmoja akimjibu mwenzake kwa lugha yake mwenyewe bila kuona ajabu. Mbele kidogo mulembe ikatoweka, baiskeli yangu ikawa ndiga, na tukaulizwa tutokako kwa Dholuo. Siku ya pili, tulipovuka daraja la Rwambwa na kuingia Bunyala, mulembe ikarudi, ila kwa lafudhi nyingine kabisa, ile ya Kinyala. Kati ya salamu hizo zote, Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja, na si kile cha kubahatisha tunachokidharau. Kilikuwa Kiswahili cha kupatana bei na kuulizia njia, na hata cha kusuta. Mtu akikimbizwa na gari kwa kasi ya kilomita themanini kwa saa, mpaka wa lugha humpita katikati ya usingizi.

Mchana wa siku ya kwanza, gurudumu la nyuma la baiskeli yangu likaanza kwenda upande. Tulimpata fundi chini ya mwembe, mzee mwenye bati la maji mbele yake na mipira mikuukuu imening'inia tawini. Nikamwambia, kwa ufasaha wote wa mwaka wa nne, kwamba gurudumu lilikuwa linayumbayumba.

"Haliyumbi, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Linacheza."

Nikanyamaza. Kwa muda wa nusu saa iliyofuata nilimsikiliza. Breki zangu, kumbe, hazishiki. Mnyororo unaruka. Tairi limekula upande mmoja. Rimu inacheza kwa kuwa spoki zimelegea, na spoki zimelegea kwa kuwa nimebeba mzigo upande mmoja kama mtu asiye na mke wa kumkanya. Hilo la mwisho si istilahi, lakini niliona niliandike.

Sasa ebu tutazame lugha ya mzee yule. Nomino zake zote, au karibu zote, ni za mkopo: breki, tairi, rimu, spoki, pedali, keria. Msomi mwenye haraka angetikisa kichwa na kuunda kamati ya kumtafutia istilahi. Lakini vitenzi vyake ni vya Kiswahili tupu, navyo ndivyo vinavyofanya kazi. Kushika, kucheza, kuruka, kula, kulegea: vyote ni vitenzi tunavyovijua tangu utotoni, ila fundi amevipa maana mahususi za kiufundi ambazo kila mteja anazielewa. Mkopo umempa majina ya vyuma; ujuzi wa kueleza kilichoviharibu ameutoa katika lugha yenyewe. Mijadala yetu ya istilahi huhesabu nomino, ilhali ningependa kuona tasnifu moja, hata moja tu, inayokusanya vitenzi vya mafundi. Tasnifu hiyo haiwezi kuandikwa maktabani, na ni vigumu kuiandika na mtu asiyeharibikiwa na kitu njiani.

Tena kuna haja ya haraka. Neno boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa jirani na bonde hili, katika mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia na Malaba, na lilizaliwa kwa baiskeli. Vijana waliwavusha abiria na mizigo kwa keria wakinadi kwa sauti kwamba wanaelekea mpakani, na mnada ukageuka jina. Mwishoni mwa muongo wa 2000 pikipiki ndogo ziliposhuka kodi, zilijaa kila kijiji, zikachukua kazi ya baiskeli pamoja na jina lake. Leo mtoto wa Nairobi akisikia boda boda husikia injini. Sizichukii pikipiki, zimewafikisha akina mama wengi hospitalini kwa wakati. Nasema tu kwamba mafundi wa baiskeli wanazeeka chini ya miembe yao, na msamiati wao unaondoka nao.

Nifike sasa mahali ambapo safari hii ilinigeuza mawazo, nako ni Budalang'i.

Katika insha tulizoandika shuleni, mto hutiririka kwa utulivu, ndege huimba nyimbo tamu na upepo mwanana huvuma. Tulifundishwa kuyakariri haya kama mapambo, na mwalimu akatupa alama bila kutuuliza ni mto gani. Bonde la chini la Nzoia, kwa macho ya anayeendesha baiskeli, ni insha hiyo hasa. Mumias iko katika mwinuko wa karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari; ziwa liko karibu mita 1,134. Tofauti haifiki mita 200, na sehemu kubwa yake huisha kabla ya kufika Rwambwa. Kutoka hapo nchi hulala kama mkeka. Miguu haina kazi. Kuna mpunga wa mradi wa Bunyala, kuna yangeyange shambani, na mto uko mkononi mwako wa kushoto au wa kulia ukienda polepole kama wewe. Nilikuwa nikifurahi, tena nikifurahi kwa sauti, nikimwambia mwenzangu kuwa sijapata kuona bonde pole kama hili.

Baba mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yake kando yetu, amebeba mitungi mitatu ya maji, alinisikia. Hakunikosoa. Alitupeleka kwake kunywa uji, kisha akatuonyesha mstari wa rangi ya udongo ukutani mwa nyumba yake, juu ya kizingiti cha dirisha. Maji yalifika hapo mwaka 2020.

Ndipo nilipoelewa kile ambacho miguu yangu ilikuwa imeniambia kwa nusu siku nzima nisisikie. Nzoia huanzia milima ya Cherangany na Elgon na kusafiri takriban kilomita 250. Huko juu una mbio, na mbio hizo huchukua udongo wa mashamba. Ukifika hapa mteremko unakwisha. Maji yasiyo na mteremko hupoteza nguvu, huangusha udongo yaliyoubeba, na kitako cha mto huinuka msimu baada ya msimu. Mvua ikinyesha mbali Kitale, ambako wenyeji wa Bunyala hawaioni wala kuisikia, maji huja na kukosa pa kukaa. Ule upole nilioufurahia juu ya tandiko ndio unaoleta mafuriko. Mwaka 2020 mambo yalizidi kwa kuwa Ziwa Viktoria lenyewe lilikuwa limefura kupita kiasi, hata mto ukawa hauna pa kumwagia.

Na hapa suala la lugha linarudi, tena kwa uzito kuliko kule kwa fundi. Pande zote mbili za mto katika eneo hili pamejengwa tuta refu la udongo la kuzuia maji. Tuliendesha baiskeli juu yake kwa muda mrefu. Ni njia nzuri, pana, kavu, na ukiwa juu yake unaona paa za nyumba chini yako, jambo ambalo lingepaswa kunishtua mapema. Wenyeji huliita daiki. Tuta hilo lilipasuka mwaka 2003, likapasuka 2007, na 2020 vilevile, na kila mara maelfu ya watu walihama makwao. Lakini katika taarifa zetu za habari mara nyingi husikia kwamba kingo za Mto Nzoia zimevunjika. Kingo! Ukingo wa mto ni kazi ya Mungu. Ukingo ukivunjika, yaliyotokea ni maumbile, na hakuna wa kuulizwa. Tuta ni kazi ya mikono ya watu. Lilichorwa, likapimwa, likalipiwa, na kuna aliyepaswa kulikagua kabla ya masika. Tuta likipasuka swali la kwanza ni nani aliyeacha lipasuke. Yule baba wa mitungi, ambaye hajasomea umbuji, hakuwahi hata mara moja kusema ukingo. Alisema daiki, na alisema imeachwa. Sisi wenye Kiswahili Sanifu ndio tuliomsafishia sentensi yake hadi mtendaji akatoweka.

Ninajua nitaulizwa: je, ni haki kwenda kutalii mahali ambapo watu wamezoea kuhama kwa mitumbwi? Mwenzetu yule binti aliliuliza jambo hilo usiku huohuo, na hatukulala mapema. Kuna namna ya kwenda ambayo ni aibu tupu, ile ya kupiga picha mstari wa ukutani na kuondoka. Walituchukulia mara nne kuwa watu wa msaada, na mara moja kuwa wajumbe wa mwanasiasa. Mama mmoja, kabla ya kutujibu salamu, alituuliza orodha iko wapi tumwandike. Swali lake liliniuma kuliko lawama yoyote. Hata hivyo sioni kuwa dawa ni kubaki vyuoni. Mtalii wa zamani, yule wa kusoma, huketi, hunywa uji, hulipia anachopewa pale inapofaa, na hurudi na maneno ambayo atayatumia vyema kuliko alivyoyatumia jana. Sijui kama hilo linatosha. Najua kwamba mimi sitaandika tena kingo zimevunjika.

Wapo pia watakaosema baiskeli ni chombo cha maskini, na kwamba msomi hafai kuonekana akitokwa na jasho barabarani. Hoja hii siijibu kwa urefu. Ulaya, ambako wengi wetu tunatamani kupelekwa kwa ufadhili, wameunganisha njia ya baiskeli inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 3,500, ikifuata mabonde ya mito kama Loire na Danube, na wastaafu wenye pesa zao hulipa kwenda kuchokea huko. Sisi tunayo tuta tayari. Hatuna kibao hata kimoja, lakini tunayo tuta.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi. Barabara ya Kisumu hadi Busia, ambayo lazima uipite pale Ugunja, haina subira na mwenye baiskeli. Malori ya mafuta yaendayo Uganda hayapunguzi mwendo, na sisi tuliisukuma sehemu hiyo kwa miguu kando ya lami. Kwa mabinti kuna jingine: mwenzetu alipigiwa mbinja na kutaniwa katika kila kituo, hasa kwa kuendesha yeye mwenyewe badala ya kuketi kwenye keria. Alikuwa na jibu kwa kila mmoja, tena kwa Kiswahili cha kukata maini, ila ninakiri kuwa mimi sikulazimika kuwa na jibu lolote. Kwa hivyo watu wasiende peke yao.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Badala ya basi moja la kwenda pwani kila mwaka, mwaka mmoja tupeleke kikundi cha watu sita au wanane bondeni, Januari au Februari, kabla ya masika. Gharama ni chakula, nauli ya kufika Mumias, na mafuta ya mnyororo. Wachukue pampu, gundi, viraka na daftari zisizolowa. Wapewe kazi tatu: wakusanye vitenzi vya mafundi, waandike mahali salamu zinapobadilika, na waorodheshe maneno yote ambayo watu wa Bunyala huyatumia kwa maji yanayokuja, kwani tulihesabu zaidi ya kumi na hatukufika mwisho. Wahadhiri wanakaribishwa, mradi wakubali kusukuma.

Tulifika Port Victoria saa kumi na moja jioni ya siku ya pili, wavuvi wakianika omena. Utingo wa matatu ya kurudi alitudai nauli ya watu sita, kwa hoja kwamba kila baiskeli ni abiria asiyeweza kuinama. Tulibishana naye kwa muda, tukakubaliana nne na nusu. Baiskeli zingali kwa shemeji huko Mumias. Mbili ni nzima. Ya tatu breki ya nyuma haishiki.